Samatta na mikopo yake: maswali tunayoulizwa kila dirisha la usajili linapofunguliwa

Kila Januari na kila Agosti hali ni ileile. Picha ya mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta ameshika jezi mpya inazunguka kwenye simu, na kabla hujamaliza chai watu wanaanza: kauzwa au kakopeshwa? Mbona kila mwaka anahama? Haya hapa majibu. Maswali ya watu wanaotaka tu kubishana Simba na Yanga tumeyaacha yalipo.

Amechezea klabu ngapi, na wapi alikuwa wa mkopo?

Tisa. African Lyon na Simba hapa nyumbani, TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, Genk ya Ubelgiji, Aston Villa ya Uingereza, Fenerbahçe ya Uturuki, Royal Antwerp ya Ubelgiji, PAOK ya Ugiriki na Le Havre ya Ufaransa. Anayekwambia kumi amehesabu Genk mara mbili, na hajakosea sana kwa sababu alikwenda pale mara mbili kweli.

Mikopo ni mitatu tu: Fenerbahçe msimu wa 2020/21, Antwerp 2021/22, Genk 2022/23. Kilichofanya ionekane mingi ni kwamba ilifuatana bila kupumua, misimu mitatu, mabegi hayajafunguliwa vizuri yanafungwa tena.

Ni kweli alitokea Mbagala?

Kweli. Alizaliwa Dar es Salaam, Desemba 23, 1992, akakulia Mbagala. Timu aliyoanzia ni Mbagala Market, ambayo ndiyo baadaye ikawa African Lyon. Simba walimchukua mwaka 2010.

Mazembe walimwona wapi?

Walimwona akicheza dhidi yao. Mwaka 2011 Simba walipangwa na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walikuwa wamelichukua kombe hilo mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba 2010 walifika hadi fainali ya Kombe la Dunia la Klabu wakafungwa na Inter Milan. Simba walipigwa nyumbani na ugenini. Baadaye Mazembe waliondolewa mashindanoni kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili, Simba wakarudishwa kucheza mechi moja na Wydad Casablanca mjini Cairo, nako wakapoteza.

Kwa hiyo kwenye karatasi hakuna aliyefaidi. Ila Mazembe waliondoka na jina la kijana wa miaka 18, na mwaka huohuo wakamsajili. Thomas Ulimwengu naye alikwenda Lubumbashi mwaka huo.

Mbona alikaa Kongo muda mrefu hivyo? Si alichelewa kwenda Ulaya?

Hili ndilo swali ninalopenda zaidi, kwa sababu kila mtu anaanza hadithi ya Samatta Genk wakati nyumba ilijengwa Lubumbashi.

Alikwenda 2011, akaondoka Januari 2016. Pale hakuna aliyekuwa anamsubiri yeye. Kikosi kilikuwa kimejaa mabingwa wa Afrika, Wakongomani na Wazambia waliozoeana kama ndugu, na Mtanzania hakuwa na jina lolote la kumbeba. Lugha angalau haikumsumbua, maana Lubumbashi ni mji wa Kiswahili, japo Kiswahili chao kina ladha yake na Kifaransa kimejaa katikati. Namba ilibidi aitafute mazoezini kama mwingine yeyote.

Matunda yalikuja 2015. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger: mechi ya kwanza Algiers, Mazembe wanashinda 2-1, bao la pili ni penalti ya Samatta. Novemba 8, marudiano Lubumbashi, dakika ya 75 penalti nyingine, anayesimama ni yuleyule. Fikiria hapo kidogo. Uwanja umejaa, kombe liko pale pembeni, kuna wenyeji kibao wanaoweza kupiga, na mpira anapewa kijana wa Mbagala. Akafunga. Ikaisha 2-0.

Januari 2016 mjini Abuja akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwashinda Robert Kidiaba, kipa wa timu yake mwenyewe, na Baghdad Bounedjah wa Algeria. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa ameichukua tuzo hiyo kabla yake. Mwezi huohuo akasaini Genk. Alikuwa ametimiza miaka 23, na alifika Ulaya akiwa mshambuliaji aliyekwishaiva, si mtoto wa kulelewa kikosi cha pili. Mimi hilo siliiti kuchelewa.

Genk alifanya nini hasa hadi Villa wakamtaka?

Alifunga. Msimu wa 2018/19 alitia mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Eboni, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ile. Msimu uliofuata akawa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa Ulaya, kwenye ile mechi ya Salzburg waliyopigwa 6-2 na dunia nzima ikamkumbuka Haaland, mshambuliaji wa Salzburg, peke yake. Novemba 2019 akafunga Anfield kwa kichwa cha mpira wa kona. Liverpool walishinda 2-1, lakini huku kwetu matokeo yalisomwa kuanzia bao la Genk.

Villa ilikuwaje? Mbona walimtoa haraka?

Villa walimsajili Januari 20, 2020 kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Haikuwa mipango ya muda mrefu. Straika wao Wesley aliumia goti Januari mosi dhidi ya Burnley, timu iko hatarini kushuka, wanahitaji mtu wa kufunga wiki hiyohiyo. Februari mosi, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga kwa kichwa ugenini Bournemouth. Walipoteza 2-1, ila ndiyo mara ya kwanza Mtanzania kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza.

Machi mosi, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Huku ilikuwa saa moja na nusu usiku, na kibanda umiza nilichokuwemo kiliishiwa mabenchi, watu wakakalia kreti za soda. City wameshapachika mbili. Dakika ya 41 John Stones wa City anateleza, El Ghazi wa Villa anapata nafasi ya kumimina krosi, na Samatta anajirusha mzimamzima, kichwa kinakutana na mpira chini kabisa. Jirani yangu, mzee wa makamo ambaye muda wote alikuwa anamlaumu kocha, alinikumbatia na sijui jina lake mpaka leo. Ikaisha 2-1 kwa City.

Wiki mbili baadaye ligi ikasimama kwa sababu ya korona. Iliporudi Juni, Villa walicheza kwa kujihami, straika anakimbia dakika 70 bila kuguswa mpira wa maana. Hakufunga tena. Villa wakapona siku ya mwisho ya msimu kwa sare na West Ham, halafu Septemba wakamnunua Ollie Watkins kwa ada iliyovunja rekodi ya klabu. Ukishaona klabu imevunja benki kwa mtu wa namba yako, unajua. Hesabu yake Villa: mechi 16, mabao 2, na moja kati ya hayo ni la Wembley. Wengi wamekaa ligi ile miaka kumi hawana hilo.

Kwani kwa mkopo maana yake nini? Anakopwa kama pesa ya VICOBA?

Karibu sawa. Mchezaji anabaki na mkataba wa klabu yake, ila kwa muda uliokubaliwa anasajiliwa na kuchezea nyingine. Muda ukiisha anarudi. Mikataba inatofautiana kwenye kipengele cha mwisho. Kuna mkopo mtupu, anakwenda na kurudi. Kuna mkopo wenye nafasi ya kununua, klabu iliyomchukua ikimpenda inalipa bei iliyokwishaandikwa. Na kuna mkopo wenye lazima ya kununua, ambao kwa kweli ni mauzo yaliyovishwa kanzu ya mkopo ili malipo yasogezwe mwaka mmoja mbele.

Wa Samatta kwenda Fenerbahçe, Septemba 25, 2020, ulikuwa wa aina hiyo ya tatu: msimu mmoja kwa mkopo, kisha anakuwa wao kwa mkataba wa miaka minne. Wa kwenda Genk mwaka 2022 ulikuwa na nafasi ya kununua, na haikutumika.

Mshahara analipa nani?

Watakavyoandikiana. Klabu inayomchukua inaweza kulipa wote, nusu au robo, na klabu mama ikamalizia. Mshahara ukiwa mkubwa kuliko uwezo wa klabu ndogo, hapo ndipo dili nyingi zinapokwama saa za mwisho. Kinachotakiwa ni kila kitu kiwe kwa maandishi na mchezaji awe amesaini.

Fenerbahçe walimnunua halafu wakamtoa tena. Hawakumtaka?

Walimtaka kwa msimu mmoja, wakabadilisha kocha, kocha mpya akawa na watu wake. Istanbul ndivyo kulivyo, na si yeye peke yake yaliyomkuta. Kwenye ligi alifunga mabao matano msimu ule, na kwa klabu inayodai ubingwa kila mwaka, straika wa mabao matano hana wakili. Mwisho wa Agosti 2021 akapelekwa Antwerp.

Mchezaji wa mkopo anaruhusiwa kucheza dhidi ya klabu iliyomtoa?

Inategemea mashindano. Ligi Kuu ya Uingereza inakataza moja kwa moja. Mashindano ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ni kinyume chake: klabu mama haiwezi kumzuia. Suala hili lilipata moto mwaka 2014, Thibaut Courtois alipokuwa Atlético Madrid kwa mkopo kutoka Chelsea na timu hizo zikakutana nusu fainali. UEFA wakasema kipengele chochote cha kumzuia ni batili. Courtois akadaka, Chelsea wakatolewa.

Kwa Samatta ilikuwa tamu zaidi. Ligi ya Europa 2021/22 ilizipanga Antwerp na Fenerbahçe kundi moja. Oktoba 21, 2021, Kadıköy, uwanja ambao miezi mitano nyuma ulikuwa wa nyumbani kwake, na klabu ambayo bado ndiyo yenye mkataba wake. Dakika ya pili tu, watu bado wanatafuta viti vyao, Samatta anaweka mpira wavuni kwa jezi ya Antwerp. Ikaisha 2-2. Marudiano Ubelgiji Fenerbahçe walishinda 3-0, hivyo hawakulala na deni. Lakini lile bao la Kadıköy ndilo ninalomtolea mfano kila anayeniambia mkopo ni kutupwa jalalani.

Kurudi Genk 2022 si kurudi nyuma?

Kwa umri wa miaka 29, mwenye misimu miwili ya kuhangaika, kwenda mahali unapojulikana kuna akili. Kocha hahitaji kuelezwa unacheza vipi, mashabiki wanakupa muda, nyumba unajua pa kuipata.

Mabao hayakuwa ya zamani, hilo tuseme. Na mwisho wa msimu ulikuwa wa kuumiza kwa namna ya pekee. Juni 4, 2023, siku ya mwisho, Genk nyumbani dhidi ya Antwerp. Genk wanaongoza 2-1 na kwa dakika chache ni mabingwa. Dakika za nyongeza Toby Alderweireld anapiga shuti kutoka mbali, 2-2, kombe linaondoka na Antwerp. Kati ya klabu zote, Antwerp, aliyoichezea kwa mkopo mwaka mmoja tu nyuma.

FIFA hawana kikomo? Klabu nyingine zinakopesha wachezaji kama daladala.

Wameweka. Kanuni zilizoanza Julai 1, 2022 zinasema mkopo wa kimataifa usizidi mwaka mmoja kwa mkataba mmoja, na usiwe mfupi kuliko kipindi cha kati ya madirisha mawili ya usajili. Aliyekopwa hawezi kukopeshwa tena kwa klabu ya tatu. Idadi nayo ilipunguzwa hatua kwa hatua: wachezaji wanane msimu wa kwanza, saba uliofuata, na tangu Julai 2024 ni sita wa kutoa na sita wa kupokea. Kati ya klabu mbili zilezile, watatu kwenda na watatu kuja. Vijana wa miaka 21 kushuka chini na waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi, kwa hiyo wakubwa wenye akademi bado wana mlango.

Akihama, African Lyon na Simba wanapata chochote?

Kanuni inasema wapate. Mchezaji akiuzwa kimataifa na ada ikalipwa, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Tuchukue mfano wa ada ya euro milioni 10: klabu iliyokaa naye msimu mmoja akiwa na miaka 17 inastahili euro 50,000. Kwa klabu ya mtaani hiyo ni bajeti ya miaka. Ada ya mkopo nayo inakatwa vivyo hivyo. Akiondoka bure, hakuna cha kugawa.

Sharti ni kumbukumbu. Kama shirikisho la nchi halikuandika kwamba kijana alisajiliwa kwako mwaka fulani, unabaki na picha ya timu ukutani. Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo maalumu cha kukusanya na kugawa malipo haya kwa kufuata taarifa za usajili za kielektroniki, hivyo viongozi wa timu ndogo, andikeni vijana wenu mapema na kwa majina sahihi. Nimeona timu ikimsajili mtoto kwa jina la utani. Jina la utani halidai euro.

Kuna mwingine wa ukanda wetu aliyefaidika na mkopo?

Michael Olunga wa Kenya, tena sana. Alikuwa klabu ya China iliyomweka kando, akapelekwa Girona ya Hispania kwa mkopo msimu wa 2017/18. Hakuwa anaanza. Januari 13, 2018 akaingia dhidi ya Las Palmas, akafunga matatu, 6-0, hat-trick ya kwanza ya Girona La Liga. Akaenda Japan, Kashiwa Reysol, na Novemba 2019 akafunga mabao manane kwenye mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga. Manane. Mwaka 2020 alifunga 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi, kisha Qatar.

Na kwa wanaodhani mkopo ni wa wasio na bahati: Harry Kane alipitia Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla Tottenham hawajamwamini.

Mdogo wangu yuko timu kubwa, ameambiwa aende timu ya chini kwa mkopo. Akubali?

Mara nyingi, ndiyo. Ila aulize kwanza. Kocha wa huko ndiye aliyemwomba, au viongozi wamekubaliana kwenye simu? Kama kocha hamjui, atakaa benchi lilelile kwa mshahara wa kuchelewa. Pale kuna nani wa namba yake? Mshahara unatoka klabu gani, na ukikwama wa kumpigia ni nani? Akiumia anatibiwa na nani? Kuna kipengele cha kuitwa arudi katikati ya msimu? Mkataba wake wa klabu kubwa umebaki muda gani, maana mkopo wa mwaka mmoja kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja ni kuaga kwa adabu.

Cha kwanza kwenye orodha ni dakika. Straika wa miaka 20 aliyecheza dakika 1,800 Mbeya au Kigoma anaonekana kuliko aliyepiga picha nzuri za mazoezi Dar.

Kipindi cha mikopo, Taifa Stars ilimpoteza?

Hapana, kitambaa kilibaki mkononi mwake. Ndiye nahodha aliyeongoza timu Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019 Misri, ya kwanza kwetu tangu 1980, akafunga dhidi ya Kenya kwenye ile 3-2 tuliyofungwa, ambayo tungeomba isizungumziwe. Baada ya mikopo aliongoza tena AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024. Mchezaji wa mkopo anaitwa timu ya taifa kama mwingine, klabu anayoichezea wakati huo ndiyo inayopaswa kumwachia.

PAOK nao walimkopa?

Hapana, na ndiyo maana nilifurahi. Majira ya joto ya 2023 alisaini mkataba wake mwenyewe Thessaloniki, na msimu wake wa kwanza, 2023/24, PAOK wakawa mabingwa wa Ugiriki. Ubingwa wa ligi wa nchi ya tatu, baada ya Kongo na Ubelgiji.

Alitoka PAOK akaenda wapi?

Le Havre, Ufaransa, tangu Agosti 2025, kwa mkataba wa kawaida. Klabu ya bandarini iliyoanzishwa 1872, maarufu kwa kulea vijana: Paul Pogba na Riyad Mahrez walipita pale wakiwa hawajulikani. Samatta alifika akiwa na miaka 32, katikati ya vijana ambao baadhi yao, dirisha likifunguliwa, watakuwa wanaulizana kama wanauzwa au wanakopeshwa.